Nani Amefia Humu Ndani?

Wa kwanza kuisema alikuwa mweka hazina wa chama cha mke wangu. Akina mama kumi na wawili walikuwa wamekaa sebuleni kwetu Kimumu, Eldoret, chai ikifuka mvuke, hesabu za mwezi hazijafika nusu. Mama yule akainua pua kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa kwa mbali, akaikunja, akauliza kwa upole, "Mama Chebet, kwani nani amefia humu ndani?"

Walicheka. Mke wangu naye alicheka, kicheko cha mtu anayetafuta mlango wa kutokea. Mkutano ambao kwa kawaida humalizwa na giza ukafungwa saa kumi jioni kwa sala fupi, na mandazi yakabaki. Nimeoa miaka kumi na mmoja na sijawahi kuona mandazi ya chama yakibaki.

Mimi harufu yenyewe sikuwa nimeisikia. Wala mke wangu, wala watoto. Baadaye nilikuja kuelewa kwamba pua ya mwenye nyumba ni kama bawabu wa usiku: saa ya kwanza yuko macho na rungu mkononi, saa ya tatu anakoroma. Hewa itokayo kwenye maji taka ina gesi iitwayo hidrojeni salfaidi, ile ya mayai viza, na gesi hiyo ina ujanja wa mwizi mzoefu. Ukiivuta kwa muda, pua inaacha kuisikia ingawa yenyewe haijaenda popote. Kwa hiyo jioni ile nilitoka nje, nikatembea hadi kwa mama mboga, nikanunua sukuma wiki ya shilingi ishirini ambayo hakuna aliyeihitaji, nikarudi. Nilipofungua mlango harufu ilinipokea kizingitini. Mayai viza, soksi mbichi, na kwa mbali kitu kama mtaro wa nyuma ya hoteli siku ya soko.

Nyumba ikinuka, hakuna anayeanza na mabomba. Watu huanza na watu.

Sisi tulianza na shemeji. Mdogo wake mke wangu anaishi nasi akifanya mazoezi ya mbio, kama nusu ya vijana wanaoishi kando ya barabara hii ya kwenda Iten. Kabla jua halijachomoza yuko barabarani, na kufikia saa mbili viatu vyake viko chini ya kochi, vinapumua. Kumwambia shemeji kwamba viatu vyake vinanuka si jambo dogo, hasa kama bado una deni la ng'ombe mmoja kwao. Nilizunguka mbuyu, nikasema viatu vya mwanariadha vinahitaji hewa safi kama mwanariadha mwenyewe. Kijana akaelewa, akaviweka nje barazani. Usiku ule mbwa wa jirani akachukua cha kushoto. Harufu ilibaki, kiatu kikaenda, na Jumamosi nilikuwa sokoni napekua mitumba nikitafuta jozi ya saizi yake, kwa sababu hakuna mashindano ya mguu mmoja.

Baada ya viatu, nilitoa dhana ambayo ningemeza ulimi kuliko kuirudia. Nilisema huenda ni mursik.

Kwa asiyejua: mursik ni maziwa yanayogandishwa kwenye kibuyu kilichopakwa ndani mkaa wa mti wa senetwet. Ndiyo hayo wanayonyweshwa wanariadha wetu wanaporudi na medali. Mama mkwe wangu hutuletea kutoka Mosoriot, na kibuyu husimama kwenye kona ya jikoni kwa heshima ambayo mimi mwenyewe sijawahi kupewa. Yananukia moshi kidogo na uchachu kidogo. Mimi ni mtu wa Lugari, pua yangu ililelewa kwingine. Mke wangu hakunijibu. Alifungua kabati la chini, akatoa mfuko wangu wa omena, akauweka mezani mbele yangu kama wakili anayewasilisha kielelezo, akatoka. Tulilala kimya. Kesho yake omena na kibuyu vilihamishiwa kwa jirani kwa siku mbili za uchunguzi. Harufu haikutikisika. Jirani, kwa upande wake, alirudisha kibuyu kikiwa kitupu na akasema hakuona tatizo lolote.

Ikabaki panya. Dhana hii ilikuwa na msingi, kwa sababu nilikuwa na magunia tisa ya mahindi bafuni.

Naomba nieleze kabla hujanihukumu. Hapa Uasin Gishu mtu akivuna Novemba anakuwa na chaguo mbili: auze kwa bei ya Novemba, au ayafiche ndani akiomba Mungu na kungoja bei ya Mei. Shamba letu ni dogo na ghala hatuna. Bafu la wageni, lile lililo mwisho wa ukumbi, halikuwa na mgeni. Nilitandika mbao sakafuni, nikapanga magunia juu yake, tisa, kila moja kilo 90. Na kwa kuwa unyevu ni adui wa mahindi, na kila mwaka tunaonywa juu ya ukungu wenye sumu, nilifanya kazi ya kujivunia. Nilifunga koki ya ukutani, nikapangusa sakafu kwa tambara kavu, nikafungua dirisha dogo la juu upepo wa kiangazi uingie. Bafu lilikuwa kavu hivi kwamba ungeweza kuhifadhi humo vitabu vya thamani. Niliwaonyesha watu.

Basi niliingia humo kutafuta panya aliyekufa. Nilinusa gunia la kwanza, la pili, la tatu, nikiwa nimeinama pua imegusa katani. Kwenye la kwanza harufu ilikuwa kali. Kufikia la sita sikusikia kitu tena. Nikatoka nikiwa nimeshawishika kabisa: humo hamna. Kama umesoma vizuri habari za bawabu wa usiku hapo juu, wewe tayari una akili kuliko mimi wa mwezi ule.

Ndipo nikamwita fundi.

Fundi wa mabomba wa kwetu haingii nyumbani, huwasili. Huyu aliwasili na kijana wa kumbebea mkoba, akasimama katikati ya sebule, akafumba macho, akavuta hewa ndefu kama mwonja divai. "Mwalimu," akasema, "hii si maneno ya panya. Hii ni septiki imejaa."

Nilifurahi. Hatimaye ugonjwa una jina. Aliita eksosta, lori la kunyonya maji taka, na kama hujawahi kuona lori hilo likiingia kwenye kijia chenu Jumamosi asubuhi, hujawahi kujua una majirani wangapi. Lilirudi nyuma likipiga king'ora chake, likavunja tawi la mparachichi, likasimama. Watoto walikaa juu ya ukuta. Mama wa nyumba ya pili alileta kiti. Mfuniko wa tangi ukanyanyuliwa, dereva akachungulia, akaita mwenzake naye akachungulia, kisha wote wawili wakanitazama kwa huruma. "Mwalimu, hapa bado una miaka mitatu." Maji yalikuwa mbali kabisa na juu. Hata hivyo lori lilikuwa limeshakuja, na mafuta yalikuwa yameshachomwa. Nililipa shilingi 7,000 ili kuthibitishiwa kwamba familia yangu haiendi chooni vya kutosha.

Fundi hakukata tamaa. Fundi hakati tamaa katika nyumba ya mtu mwingine. Alibadilisha bomba lililopinda chini ya sinki ya jikoni, akaweka jipya, jeupe kama meno ya mtu wa matangazo. Akasugua kingo za choo kwa simenti nyeupe. Akashuku kofia ya bomba la kupumulia lililo juu ya paa, akapanda, akavunja vigae viwili, akashuka akasema kofia iko sawa. Kila alichogusa kilikuwa sawa. Sijawahi kulipa pesa nyingi hivyo kwa habari njema.

Alipoondoka niliamua kupigana mwenyewe kwa dawa. Nilikuwa na jiki mkono huu, na mkono huu chupa ya ile dawa kali ya kung'arisha choo yenye asidi, nikiwaza kwamba zikiungana zitakuwa jeshi. Kwa bahati nilimpigia kwanza mwenzangu anayefundisha kemia. Alinyamaza kidogo. Kisha akaniambia kwamba nikichanganya vitu hivyo viwili nitapata klorini, gesi ileile iliyoachiliwa dhidi ya wanajeshi kule Ypres mwaka 1915. "Utakuwa na nyumba isiyonuka," alisema, "lakini pia isiyo na watu." Nilirudisha chupa kabatini, kila moja rafu yake.

Katika hali hiyo mama mkwe akapiga simu kwamba anakuja.

Alikuwa na miadi ya kliniki ya macho, siku nane, kwenda na kurudi. Yeye mji huu bado huuita Sisibo, jina la wazee lililotokana na shamba namba 64, na hata hati ya kuwa jiji, tuliyopewa tarehe 15 Agosti 2024, haikumbadilisha ulimi. Kwetu Lugari, kwa mila ya zamani, mama mkwe halali kwa mkwewe, wala hawapeani mkono, na mkikutana njiani mmoja wenu anaonea majani ya kando hamu kubwa ya ghafla. Lakini kliniki haijui mila. Na mimi, ambaye sikupaswa hata kumkoholea karibu, nilikuwa nakaribia kumkaribisha katika nyumba inayonuka kama nilivyoeleza.

Magunia yalitolewa bafuni usiku, kwa jasho, mimi na shemeji mwenye viatu vipya. Tuliyapanga nyuma ya kochi tukayafunika kwa shuka, ikaonekana kana kwamba tumemficha ng'ombe. Koki ikafunguliwa. Mama alifika kesho yake na kibuyu kipya, akasalimu, akakaa, pua yake ikatulia mahali pake bila kutoa taarifa yoyote. Niliitazama pua ile jioni nzima. Haikusema kitu. Alikunywa chai, akaomba maji ya moto kwenye karai, akaenda kuoga.

Asubuhi harufu haikuwepo.

Nilifanya jaribio la sukuma wiki mara tatu. Hakuna kitu. Nyumba ilinukia chai na sabuni ya kipande. Mke wangu alisema ni maombi ya mama, ambaye huomba saa kumi na moja alfajiri kwa sauti inayofika Moiben. Fundi alipiga simu akasema ni ile kazi yake, simenti huchukua muda kukauka, na je, ile salio? Nikamtumia salio. Kwa siku nane tuliishi kama watu. Mweka hazina wa chama alialikwa, akala mandazi manne.

Mama alirudi Mosoriot macho yakiwa yanaona vizuri, na nyuma ya kochi mahindi yakawa yameanza kutembelewa na panya halisi. Nikayarudisha bafuni. Nikafunga koki. Nikapangusa sakafu kwa tambara kavu.

Wiki ya kwanza, kimya. Wiki ya pili, kimya. Mwishoni mwa wiki ya tatu, jioni yenye upepo, madirisha yote yamefungwa kwa baridi, niliingia kutoka shuleni na nikapokelewa kizingitini.

Mwenzangu mmoja wa Mombasa alikuwa amenipa udi, akisema kwao harufu mbaya haifukuzwi, inazidiwa cheo. Niliuwasha kwenye kifuniko cha kopo nikawa nazunguka nao chumba hadi chumba kama kasisi. Sebuleni moshi ulipanda wima. Jikoni wima. Nilipofika mlango wa bafu la wageni nikauinamisha chini ili upite kati ya magunia, na hapo moshi ukafanya kitu cha ajabu. Ulikuwa unashuka kuelekea sakafuni kwenye kona, mara ukasita, ukarudi juu, ukanipiga usoni. Nikausogeza tena. Ukarudi tena. Kulikuwa na kitu chini ya lile gunia la mwisho kinachopumua.

Nilimwita shemeji. Tuliondoa magunia matatu na mbao mbili. Nikalala kifudifudi kwenye sakafu ya saruji, tochi ya simu mkononi, nikachungulia kwenye kichujio cha maji cha sakafuni, kile kisahani chenye matundu kinachomeza maji ya kuoga. Kwa kawaida ukimulika pale kuna jicho linalokukonyeza kutoka chini: ni maji. Safari hii hapakuwa na jicho. Palikuwa na bomba jeusi, vumbi, nywele kavu, na punje mbili za mahindi zimelala salama salimini, bila unyevu wowote, kama nilivyokusudia.

Mafundi huuita mpindo ule trapu. Bomba la maji taka hushuka, likapanda kidogo, kisha likashuka tena, na pale kwenye bonde hubaki maji, kina cha vidole viwili au vitatu hivi. Maji hayo hayana kazi nyingine duniani ila kukaa. Yakiwepo, uchafu unapita kwenda na hewa ya septiki hairudi. Yasipokuwepo, una bomba lililo wazi moja kwa moja kutoka tangini hadi kwenye mto unaolalia. Mskoti mmoja aitwaye Alexander Cumming, fundi wa saa mjini London, ndiye aliyepewa hataza ya choo chenye mpindo huo mwaka 1775, mpindo wa herufi S, na mpaka leo kwenye mamilioni ya nyumba kinachozuia aibu ni kikombe cha maji yaliyosimama. Mwaka 2003, kwenye magorofa ya Amoy Gardens huko Hong Kong, ugonjwa wa SARS uliwapata zaidi ya watu 300, na wachunguzi walipofuatilia njia yake walikuta trapu za sakafu za bafuni zilizokauka, feni za bafu zikivuta hewa ya mabomba hadi ndani. Nilisoma hayo usiku ule, nikashukuru kwamba mimi nilipata tu aibu.

Maji hukauka. Ni jambo ambalo nimewafundisha watoto wa darasa la nne kwa michoro ya rangi. Kiangazi cha Eldoret, Januari hadi mvua za Machi, hukausha nguo nzito kabla ya saa sita mchana, na trapu ile mimi nilikuwa nimeifungulia dirisha, nikaifungia koki, na kuipangusia sakafu. Kama ningeajiriwa kukausha trapu ile kwa mshahara nisingeifanya vizuri zaidi. Na maombi ya mama mkwe, pamoja na simenti ya fundi, vilikuwa ni maji ya kuoga, karai moja asubuhi na moja jioni.

Nilileta jagi. Nikamimina polepole. Bomba lilisema glu, glu, kwa sauti nene ya mtu aliyefunga siku nyingi, hewa ikatoka mara ya mwisho, kali, kama tusi la kuagana. Kisha jicho likafunguka kule chini, likakonyeza kwenye tochi. Nikaweka udi pale. Moshi ukasimama wima.

Jumla ya matumizi yangu, ukihesabu eksosta, fundi, vigae na viatu vya shemeji, ilikuwa shilingi 19,400. Jagi lile la maji sijui niliwekee bei gani.

Fundi mwenyewe, nilipomweleza, hakuona haya hata kidogo. "Ndiyo, Mwalimu, trapu ikikauka inaleta hiyo maneno," akasema, kana kwamba tulikuwa tumekubaliana tangu mwanzo. Ila alinipa ushauri mmoja wenye thamani ya salio: bafu lisilotumika, ukishamwaga maji, ongeza kijiko cha mafuta ya kupikia. Yanaelea juu, maji hayakauki upesi. Mke wangu aliniangalia nikikaribia bafu na chupa ya mafuta, akauliza kama bafu nalo sasa litaanza kuandaliwa chakula cha jioni. Lakini inafanya kazi. Chebet amepewa ukumbusho wa kila Jumamosi: jagi moja kwa bafu la wageni, huku magunia yakiwa yameinuliwa juu ya mbao mbali na kona ile. Huifanya kazi hiyo kwa dhati hadi majirani wanajua saa imefika.

Kilichobaki kilikuwa kumpigia mama mkwe. Nilidhani nina deni la kumweleza kwamba miujiza yake ilikuwa ya karai. Nilizunguka kwa heshima, nikauliza macho, ng'ombe, mvua ya Mosoriot, kisha nikaeleza yote: magunia, koki, trapu, udi. Upande wa pili ulikuwa kimya hadi nikadhani simu imekatika.

"Mimi nilijua," akasema.

"Ulijua nini, Mama?"

"Nilipoingia kuoga siku ile ya kwanza, ilikuwa inatoka pale kwa shimo. Nikamwaga karai mbili, nikaongeza ya tatu. Kila siku nikamwaga."

"Sasa mbona hukuniambia? Nilikuwa namlipa fundi!"

"Ai, Mwalimu," akasema, akishangaa kweli. "Mtu huambia mkwe yake nyumba yako inanuka?"

Kisha akaniuliza mahindi nimeuza bei gani. Nikamwambia mtandao unasumbua.